Hina ya Arusi Yangu Kwenye Rola

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimefika kiwandani, viatu mlangoni kama kawaida. Nimefunua kompyuta kitambaa chake cha kuzuia vumbi, nimebonyeza swichi, nimengoja. Inaamka polepole kama mgonjwa. Katika huo muda wa kungoja nimemfikiria Rama mara tano. Asubuhi nilimwacha Ruiru akipepea jiko kwa mfuniko wa sufuria, ukungu umejaa mpaka mlangoni, na yeye amevaa sweta yangu bila kujua ni yangu.

Siku kumi tangu tuoane. Mtu akisema "mumeo" bado ninageuka kutafuta mume wa nani.

Nina furaha mpaka naona haya kuiandika.

Sasa kazi. Meneja ameingia chumba cha michoro leo, amesimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni. Nina mpaka Ijumaa ya tarehe 26. Nitoe mchoro wangu mwenyewe wa kitenge, nitumie kompyuta, upite kwenye rola na uchapwe bila kasoro. Ukipita, nabaki chumba hiki. Usipopita, narudi kukunja vitambaa.

Nilikunja vitambaa miaka miwili baada ya Form Four. Kusimama tangu asubuhi hadi jioni, nyuzi za pamba puani, miguu kama magogo. Walinitoa huko kwa sababu najua kuchora na Kiingereza changu kinatosha kusoma kitabu cha mashine. Mwalimu wa mashine alikuja kutoka Nairobi kwa wiki moja tu. Akatuachia hicho kitabu, akaenda.

Sirudi kukunja. Naandika hapa ili niwe nimelisema mahali. Sirudi.

Jumanne, 2 Julai

Sina mchoro. Nimechora majani, nimefuta. Nimechora samaki, nimefuta. Nimechora kuku na vifaranga, nimeona aibu, nimefuta haraka.

Mzee Kariuki ameniangalia juu ya miwani. Yeye ndiye mchoraji mkuu, anachora kwa mkono, na yuko hapa tangu mimi sijazaliwa. "TV imekwambia nini leo, kairitu?" TV ni kompyuta. Kairitu ni mimi. Anajua nimeolewa, alikula pilau yangu, lakini kwake sisi wote tulio chini ya miaka hamsini ni wasichana. Kompyuta hajaigusa hata siku moja. Akipita karibu nayo anakunja koti lake lisiiguse.

Saa ya chakula Wambui, rafiki yangu wa kule kukunja, amenishika mkono akaugeuza. "Bibi arusi, hina imeanza kuhama! Wiki mbili hivi utakuwa mtu wa kawaida kama sisi." Meza nzima imecheka. Mimi nimekodolea macho kiganja changu. Nimeacha chakula.

Shangazi Mwanaidi ndiye alinichora, kule Majengo, siku moja kabla ya arusi. Ua la petali sita katikati ya kiganja. Kila petali ina nukta tatu ndani. Mnyororo wa majani unapanda kila kidole mpaka kwenye kucha. Hakuwa na karatasi ya kufuatisha. Alikuwa anaongea na watu watatu huku anachora.

Nimeomba karatasi nyembamba. Mkono wa kulia umeuchora wa kushoto, mstari kwa mstari, kabla haujafutika.

Ndio huu mchoro. Najua ndio huu.

Alhamisi, 4 Julai

Leo nimepiga kelele ofisini. Nimeona haya lakini nimepiga.

Rola ya kuchapa ni kama mkebe mrefu. Ikizunguka mara moja inachapa urefu wa sentimita 64, halafu inarudia yaleyale, na yaleyale, mpaka kitambaa kiishe. Kwa hiyo mchoraji hachori kitambaa. Anachora kipande kimoja tu chenye kingo zinazokubali kuungana na ndugu zake pande zote. Sisi tunakiita ripiti. Mzee Kariuki akimaliza kipande, anakinakili kwa mkono kulia, kushoto, juu na chini, aone kama vinapatana. Siku nne nzima.

Mimi nimeingiza ua la Shangazi kwenye mashine. Nimelinyoosha. Nimepima sentimita 32, ili rola ichape mara mbili kwa mzunguko mmoja. Nimeandika mara sita kwa upana, mara sita kwa urefu. Nimebonyeza.

Maua thelathini na sita! Kwa pumzi moja! Kiganja changu kimejaa kioo kizima, majani yameshikana mikono na majani, kama watu kwenye arusi. Hapo ndipo nimepiga kelele.

Mzee Kariuki hakuinuka. "Hata muhuri wa chifu unaweza hiyo," amesema.

Sijali. Nimefika Ruiru bado natabasamu. Rama ameuliza nimepata nini, nikashindwa kumweleza, nikamkumbatia na vumbi lake la mawe. Yeye ni mwashi. Ananuka saruji na mimi naipenda harufu ya saruji sasa. Nani angeniambia.

Jumatatu, 8 Julai

Meneja ameangalia kioo kwa muda mrefu. Amesema neno moja: "Safi." Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Rola itachongwa Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 17. Rola ikishachongwa imechongwa. Hakuna kufuta.

Mashine ya kuchapa karatasi inatoa karatasi ndogondogo za nyeusi na nyeupe. Nimechapa nyingi, nimezibandika kwa gundi ukingo kwa ukingo, mpaka nimepata shuka la karatasi refu kuliko mimi. Nimelikunja vizuri. Naenda nalo nyumbani. Mume wangu awe mtu wa kwanza duniani kuliona likiwa limekamilika.

Jumanne, 9 Julai

Nimekasirika sana. Naandika kabla sijaenda kazini, yeye ameshaondoka.

Jana jioni nililitundika lile shuka la karatasi ukutani kwa pini. Nikamwambia afumbe macho, nikamsogeza mpaka mlangoni, nikamwambia afumbue. Nilingoja aseme ni zuri. Sikuomba zaidi ya hilo. Angeweza hata kudanganya.

Akakuna kichwa. Akasema, "Ni poa. Lakini si hapa kuna barabara?"

Barabara gani?

"Hii hapa. Na hii. Na hii ingine. Zinakata moja kwa moja kutoka juu mpaka chini. Aki huzioni?"

Nilimwambia akachunguze mawe yake, vitambaa aniachie mimi. Nilimwambia mambo mengine pia, kuhusu mama yake, ambaye hana kosa lolote. Akala ugali wake kimya. Nilimchukia kwa muda wa ugali mzima.

Ndio ugomvi wetu wa kwanza. Nimelia asubuhi nikiosha vikombe. Sitaki kugombana naye. Lakini barabara sizioni.

Jumatano, 10 Julai

Ziko.

Nimelitundika kazini, nimerudi nyuma mpaka mlango wa pili, nimefinya macho. Ukikaa karibu unaona maua. Ukirudi hatua kumi unaona nafasi tupu katikati ya maua, na kila nafasi tupu imesimama juu ya mwenzake. Kutoka juu mpaka chini, nyeupe tupu, barabara tatu zilizonyooka. Mwanamke akivaa kitenge hicho atatembea barabarani mtaani kwake watu wakihesabu mistari mgongoni.

Kioo cha kompyuta ni kidogo. Niliketi nacho pua kwa pua siku nne. Ndiyo maana sikuona. Meneja naye alisimama palepale nyuma ya kiti changu. Mtu aliyesimama mlangoni ndiye aliyeona, nami nikamtukania mama.

Nimelia chooni. Halafu nimeenda kumwambia Meneja mwenyewe kabla hajaona. Hakufoka. Amesema tarehe ya kuchonga haibadiliki: Jumatano, na kama hakuna kipande kisafi mezani kwake, rola itachongwa mchoro wa mtu mwingine.

Jioni nimemwomba Rama msamaha. Amesema amesamehe tangu ugali ulipoisha. Nimempenda upya, tena zaidi, sijui moyo unapata wapi nafasi.

Ijumaa, 12 Julai

Siku mbili za kuhangaika. Nimeongeza majani katikati: barabara zimefungwa za kusimama, zimefunguka za kulala. Nimeweka nukta: imekuwa kama ugonjwa wa ngozi. Nimekuza ua: kitambaa kimekuwa na macho makubwa yanayokukodolea. Nimelizungusha ua moja moja. Limelewa.

Mzee Kariuki anaona kila kitu. Anachonga penseli yake tu, taratibu, kwa wembe.

Naogopa. Nimeanza kusikia harufu ya pamba ya kule kukunja hata nikiwa Ruiru.

Jumamosi, 13 Julai

LEO! Siwezi kukaa chini, naandika nimesimama.

Nimetoka kazini saa saba. Nimempelekea Rama chakula Murera, anakojenga nyumba ya mwalimu mmoja. Chapati na ndengu, moto, nimezifunga kwa taulo. Vibarua wake wameniona kwa mbali wakaanza: "Fundi! Inspekta amefika! Vaeni mashati!" Yeye akashuka kwenye jukwaa akicheka, vumbi mpaka kwenye kope.

Amekula ameegemea ukuta wake. Mimi nikaangalia ukuta juu ya kichwa chake. Nikauliza, bila kuwaza, kwa nini jiwe la juu halikai sawasawa juu ya jiwe la chini.

Ameniangalia kama nimeuliza kwa nini tunalala usiku. "Kila jiwe lazima likae juu ya joint, pale mawe mawili ya chini yanakutana. Katikati ya jiwe, chini yake joint. Joint ikifuata joint mpaka juu, nyumba inapasuka hapo. Hiyo ndiyo kitu ya kwanza fundi anafunzwa."

Joint ikifuata joint.

Ndivyo alivyoziona barabara zangu. Kazi yake kila siku ni kuhakikisha haziko! Macho yake yanazitafuta hata kwenye karatasi, hata akiwa na njaa.

Nusu! Mstari wa pili wa maua usogee kando nusu! Ua likae juu ya nafasi tupu ya mstari wa chini! Nimembusu Rama mbele ya vibarua wote, mdomo umejaa ndengu. Wamepiga miluzi. Kibarua mmoja ameuliza kama chapati nyingine zipo.

Jumapili, 14 Julai

Tatizo moja. Nimejaribu kwa karatasi mezani. Nikisogeza mstari nusu, kingo hazikutani tena. Majani ya kidole gumba yanafika pembeni yanakuta tumbo la ua. Yamekatwa kama nywele za mtu aliyenyolewa upande mmoja.

Kitabu cha mashine kinaeleza kitufe. Hakielezi kuchora.

Kuna mtu mmoja tu anayejua. Sitaki kumwomba. Nitamwomba.

Jumatatu, 15 Julai

Nimemsalimu kwa heshima zote. Nikasema, "Mzee, TV imenishinda."

Alimalizia kuchonga penseli yake. Kisha akanyoosha mkono, akachukua karatasi yangu safi, niliyoichora upya Jumapili nzima. Akachukua wembe. Akaikata katikati!

Nilisema woi kwa sauti.

"Nyamaza uone." Akakata tena, vipande vinne. Akavibadilisha mahali, cha kulia kikaenda kushoto, cha juu kikaenda chini, akavisogeza pamoja. Pembe zote za nje zikawa zimekutana katikati. Na pale katikati kidonda changu chote kikawa wazi: majani yaliyokatika, nafasi tupu, uchafu wote niliokuwa nimeuficha pembeni.

"Sasa chora hapa. Ukiponya katikati, pembe zimepona. Mtu huficha makosa ukingoni. Lete ukingo katikati uone haya."

Amenifanyisha mara tatu kwa mkono. Mara ya tatu hakuwa amekunja uso. Ameniambia alifundishwa na mwanamke aliyefanya kazi hapa zamani, ambaye aliwahi kumkatia karatasi yake hivyohivyo, na Mzee alilia.

Baada ya chai nimeingiza kipande kwenye mashine. Ukurasa wa tisini wa kitabu: kuna kisanduku cha kuandika kila safu isogee kiasi gani. Nimeandika nusu. Kidole kilikuwa kizito. Nimebonyeza.

Mzee Kariuki ameinuka. Ameinuka! Amenisaidia kubandika karatasi, halafu ametembea mpaka mlango wa pili, amefinya macho. Amekaa hapo.

"Barabara imepotea," amesema. "Na hiyo TV imefanya kwa dakika ngapi?"

Nimesema mbili.

Amevuta kiti chake karibu na changu. "Hebu irudie polepole nione."

Jumatano, 17 Julai

Kipande kiko mezani kwa Meneja tangu asubuhi. Kimekubaliwa. Rola mbili zinachongwa, moja ya ua, moja ya majani. Sina la kufanya. Nakula kucha.

Alhamisi, 18 Julai

Hina imeondoka kabisa. Imebaki kidogo kwenye kucha. Nimeangalia kiganja nikaona ni mkono tu.

Rama amesema nikitaka atanichora nyingine. Amechukua penseli yake ya seremala akanichorea ukuta wa mawe mkononi, joint zote mahali pake. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatano, 24 Julai

Nataka kuliandika hili sawasawa ili nikizeeka nisiseme uongo.

Saa tatu asubuhi wamefunga rola kwenye mashine. Rangi ya hudhurungi kwa ua, majani meusi, na kitambaa kimeshatiwa rangi ya bizari. Fundi wa mashine amewasha. Kitambaa kikaingia upande huu.

Mita za kwanza ni aibu tupu. Majani yametua juu ya petali, kila ua limekuwa na kivuli kama mtu aliyelewa anavyoona mbili. Moyo umeanguka mpaka kwenye ndara. Fundi hakushtuka hata kidogo. Amezungusha gurudumu dogo pembeni, kidogo, kidogo tena, anapiga mluzi. Majani yakaanza kusogea. Yakasogea. Yakaingia mahali pake kama mtu anayepanda kitandani bila kumwamsha mwenzake.

Kisha kikatoka. Mita kumi. Mita hamsini. Kiganja changu, kiganja changu, kiganja changu, kimeng'aa na rangi mbichi, kinapanda juu ya mashine kwenda kukaushwa, na hakuna barabara, hakuna mstari, hakuna mahali pa kusema hapa ndipo kilipoungwa.

Wamekitandaza kwenye meza ndefu ya ukaguzi chini ya taa. Meneja amepita na rula, ameinama, amepiga goti, ameinuka. Ameanza upya kutoka upande wa pili. Mzee Kariuki alisimama kando yangu mikono mifukoni. Nikasikia ananong'ona kwa Kikuyu, kama anaomba.

Meneja ameweka rula chini. "Siuoni," amesema. "Uko wapi muungano?"

Mzee Kariuki amejibu, "Hauko."

Wanawake wa kukunja walikuwa wamejaa mlangoni, kazi imesimama. Wambui akapiga ngemi, vigelegele vya Wakikuyu, moja, mbili, tatu, nne, tano! Ngemi tano kwao ni za mtoto wa kiume. Wa kike hupigiwa tatu. Nikamwambia, Wambui, hii ni hina, ni msichana. Akasema, "Leo nahesabu ninavyotaka!" akaanza upya tano zingine, na wenzake wakamfuata, mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza nani amejifungua.

Mimi! Mimi nimejifungua!

Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Ijumaa, 26 Julai

Nimebaki chumba cha michoro. Meneja ameandika jina langu, Zuhura, kwenye daftari la wachoraji, chini ya jina la Mzee Kariuki. Wino wa bluu.

Mzee amehamishia meza yake karibu na kompyuta. Anasema ni kwa sababu ya mwanga. Dirisha liko upande ule mwingine.

Wiki ijayo anataka kuniletea michoro yake ya zamani tuijaribu. Amegusa kipanya kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni moto.

Jumapili, 28 Julai

Ruiru. Baridi. Hatujatoka.

Wamenipa mita mbili za majaribio na nimezitandika mezani. Rama amesema hakuna kitu kisicho na joint duniani, ukuta wala kitambaa, na yeye ataipata. Tumewekeana dau: akiipata, napika chapati wiki nzima. Asipoipata, vyombo ni vyake.

Alianza baada ya chai ya saa nne. Ametoa futi yake ya kazini. Amepima ua kwa ua. Amewahi kusema "Hii hapa!" mara tatu, akaenda mlangoni, akafinya macho, akarudi kimya. Sasa amepiga magoti, penseli sikioni, shavu karibu liguse kitambaa. Chai yake ya pili imeota utando.

Jirani amewasha redio kwa sauti ya chini. Jiko linapasuka kidogokidogo. Namwangalia kisogo chake na vumbi la saruji ambalo halitoki hata akioga mara mbili.

Mimi najua ilipo, pale nilipoyaponya majani ya kidole gumba. Naiona kutoka hapa nilipokaa. Sitamwambia.